Umegeuza basi kuwa nyumba? Anza na matairi, godoro litangoja

VIJANA wengi siku hizi hawataki kungoja pensheni ndipo waanze kuzunguka nchi. Wanachanga pesa wawili watatu, wananunua basi dogo lililochoka na kazi ya matatu au ya shule, wanang'oa viti na kumwita seremala. Baada ya miezi michache ndani kuna kitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji na friji, na juu ya paa kuna paneli za sola. Form ni kutoka Ijumaa jioni: Naivasha, Nanyuki, Diani, au kwa wenye roho ngumu, Loiyangalani.

Ni wazo poa. Hoteli za watalii zina bei yake, na kuamka ndani ya gari lako mwenyewe ukitazama ziwa ni raha ambayo sidhani kuna atakayeipinga. Tatizo langu liko kwenye bajeti. Ukisikiliza wasee wakipanga kazi hii, mbao zina bei, godoro lina bei, betri za lithiamu zina bei, na rangi ya nje ina mchoraji wake. Matairi hutajwa mwisho, tena kwa sentensi moja: "Hayo bado yako sawa, yana meno."

Sentensi hiyo ndiyo ninayoipinga leo. Meno ya tairi yanakuambia jambo moja tu, nalo ni kiasi gani cha mpira kimeliwa na lami. Hayakuambii tairi lina umri gani, wala kama linaweza kubeba nyumba uliyoijenga juu yake. Kwa basi lililogeuzwa makao, mambo hayo mawili, umri na uzito, ndiyo yanayoamua kama mtafika. Kwa hivyo anza bajeti yako na matairi sita na spea. Godoro litangoja.

Tazama kwanza maisha ya basi likiwa kazini. Matatu hutembea kutwa, siku sita au saba kwa wiki. Tairi lake huisha meno kabla halijazeeka, na mwenye gari hana budi kulibadilisha. Basi la kulala lina maisha tofauti kabisa. Linatoka wikendi moja au mbili kwa mwezi, na siku nyingine zote limeegeshwa kwenye plot likipigwa na jua la mchana na baridi ya usiku. Meno hayaishi, lakini mpira wenyewe unaendelea kuzeeka.

Inavyokwenda ni hivi. Oksijeni hupenya ndani ya mpira polepole na kuufanya mgumu. Jua na ozoni hutoboa nyufa ndogo ndogo kwenye ngozi ya nje. Joto huharakisha yote hayo. Watengenezaji huchanganya nta na kemikali za kinga ndani ya mpira, na kinga hiyo hufika juu vizuri tairi linapozunguka na kujikunja barabarani. Tairi lililosimama miezi mingi linaikosa. Huku nje likionekana zima, ndani tabaka za nyaya za chuma zilizoshikanishwa kwa mpira zinaanza kuachana. Huwezi kuliona hilo kwa macho. Utaligundua siku mnashuka Mai Mahiu, watu sita ndani na tangi limejaa, sole ya tairi la mbele inapobanduka na usukani kukuponyoka mikononi.

Kuna kisa cha kweli ambacho ningependa kila mtu mwenye basi la aina hii akijue. Septemba 2012, basi lililobeba vijana waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka tamasha la muziki la Bestival, katika kisiwa cha Wight nchini Uingereza, lilitoka barabarani karibu na Hindhead, kaunti ya Surrey, na kugonga mti. Watu watatu walikufa, akiwemo dereva. Mmoja wao alikuwa Michael Molloy, kijana wa miaka 18. Wachunguzi walipolikagua tairi la mbele lililopasuka waligundua lilikuwa na zaidi ya miaka 19. Yaani tairi lilikuwa na umri mkubwa kuliko kijana liliyemuua.

Wakati huo sheria ya Uingereza haikuweka kikomo cha umri wa tairi la basi. Mama yake Michael, Frances Molloy, alifanya kampeni kwa miaka mingi hadi mambo yakabadilika. Kuanzia Februari 1, 2021, matairi yenye zaidi ya miaka 10 yamepigwa marufuku kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi huko Uingereza, Scotland na Wales, na kwenye magurudumu yote ya pekee ya mabasi madogo. Iliwachukua zaidi ya miaka minane kukubali kisheria jambo ambalo mpira ulikuwa umeshalisema siku ile ya ajali.

Sisi hatuna haja ya kungoja miaka minane, kwa sababu umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake. Tafuta herufi DOT, kisha ufuate mstari huo hadi tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu pekee, basi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni kwenye bembea ya watoto. Usipoziona tarakimu hizo upande wa nje, inama uangalie upande wa ndani, kwa sababu mara nyingi tarehe huandikwa ubavu mmoja tu.

Sasa nenda Kirinyaga Road au kwa muuza matairi wa mtaani kwenu, umuulize: "Mzee, hili ni la mwaka gani?" Wapo wauzaji waaminifu watakaokuinulia tairi mwangalie pamoja. Na wapo watakaokujibu: "Bosi, angalia meno, hili ni kama jipya." Huyo wa pili ameshakujibu. Shukuru, ondoka.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko zamani. Sameer Africa, iliyokuwa ikitengeneza matairi ya Yana hapa Nairobi, ilifunga kiwanda chake mwaka 2016. Tairi linalofika kwa meli limepita bandari, bohari na duka kabla halijakufikia. Hata tairi "jipya" linaweza kuwa limekaa kwenye rafu muda mrefu. Kanuni yangu ni rahisi: sinunui tairi jipya lenye zaidi ya miaka miwili tangu litengenezwe. Baada ya miaka mitano lichunguzwe na fundi kila mwaka, na ekseli ya mbele ya basi la kulala ipate matairi mapya kabla hayajafika miaka saba, hata kama meno yangali marefu. Watengenezaji kadhaa huweka kikomo cha mwisho kuwa miaka 10. Mimi nakaza zaidi kwa sababu ya jua letu na barabara zetu.

Tukitoka kwenye umri tunafika kwenye uzito, na hapa ndipo ubishi unapoanza. "Tumetoa viti vyote, gari sasa ni jepesi," wataniambia. Tupige hesabu. Abiria 25 wa kilo 65 kila mmoja ni kilo 1,625. Ni mzigo mkubwa, na huenda kweli nyumba yako haifikii hapo. Lakini abiria hukaa wamegawanyika kushoto na kulia, kisha wanashuka. Kabati haishuki. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 300 ni kilo 300, na mara nyingi seremala huliweka upande mmoja wa nyuma, pamoja na mtungi wa gesi, betri, jenereta na friji. Tairi la upande huo linabeba mzigo mchana na usiku, gari likitembea na likisimama, huku la upande wa pili likipumzika.

Uwezo wa kubeba nao umeandikwa ubavuni. Chukua tairi la saizi 205/85R16, mojawapo ya saizi zinazotumika kwenye mabasi madogo, lenye maandishi 117/115L. Namba 117 inamaanisha kwamba tairi likiwa peke yake, kama yale ya mbele, hubeba hadi kilo 1,285. Namba 115 ni kwa matairi pacha ya nyuma, ambapo kila moja hubeba hadi kilo 1,215. Herufi L ni kasi ya juu ya kilomita 120 kwa saa. Kwa hivyo mbele una uwezo wa kilo 2,570 na nyuma kilo 4,860, kukiwa na upepo kamili kama mtengenezaji alivyoagiza. Ukipunguza upepo unapunguza pia uwezo huo. Na kumbuka kwamba ekseli ya gari ina kikomo chake, ambacho tairi kubwa haliwezi kukiongeza.

Basi lako lina uzito gani sasa? Usikisie. Kuna mizani ya kupimia malori kwenye vinu vya nafaka, machimbo ya mawe na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zungumza nao vizuri upimiwe. Jaza maji, gesi na mafuta, pakia vitu vyote, waingie na marafiki mnaosafiri nao. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha gari zima, kisha upande wa kushoto pekee ikiwa mizani inaruhusu. Ukipata tairi moja la mbele linabeba kilo 1,250 na uwezo wake ni 1,285, usijipongeze. Barabara ina mashimo, matuta na kona, na kila moja huongeza uzito kwa ghafla. Mimi ningeacha nafasi ya asilimia 10 hadi 15. Kama haipo, hamisha tangi au nunua tairi lenye namba kubwa zaidi linalokubaliwa na rimu yako. Kazi hii ifanywe kabla seremala hajapigilia msumari wa mwisho, si baada yake.

Kuna wanaodhani saizi ikilingana basi mambo yamekwisha. Marekani, ambako nyumba za kuendesha ni jambo la miaka mingi, walijifunza kwamba sivyo. Tairi la Goodyear G159 la saizi 275/70R22.5 lilitengenezwa kati ya 1996 na 2003, na lilifungwa kwenye nyumba nyingi za aina hiyo. Mwaka 2022, baada ya uchunguzi wa NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, kampuni hiyo ilikubali kuyaita tena matairi takriban 173,000. Shirika lilisema matairi hayo yalikuwa yakishindwa kwenye nyumba za kuendesha na watu walikuwa wamekufa. Kampuni ilishikilia kwamba tairi halikuwa na kasoro, na kwamba hatari hutokea likiwa na upepo mdogo au likibebeshwa kupita kiasi.

Sitaki kuamua nani alikuwa sahihi. Nataka utazame mambo mawili. Kwanza, pande zote zinakubaliana kwamba uzito na upepo kwenye nyumba inayotembea ni jambo la kufa na kupona. Pili, piga hesabu ya miaka. Tairi la mwisho la aina hiyo lilikuwa na umri wa takriban miaka 19 mwaka 2022, na bado serikali iliona kuna haja ya kulitafuta, kwa sababu nyumba za namna hii hutembea kidogo na meno hayaishi. Ni ugonjwa uleule wa basi la Hindhead.

Somo lingine hapo ni aina ya tairi. Nawaona wasee wakikimbilia matairi ya matope, yenye meno makubwa kama ya trekta, kwa sababu yanatoka vizuri kwenye picha. Jiulize safari zako ni za wapi. Kama kilomita tisa kati ya kumi ni lami, meno makubwa yatakupa kelele, yatakula mafuta na yatapunguza mshiko wako mvua ikinyesha. Chukua tairi la basi la barabara kuu, au la mchanganyiko kama kweli unaingia barabara za mawe za kaskazini. Hakikisha limetengenezwa kwa magari ya kubeba mzigo, si la pikapu ndogo lenye saizi inayokaribiana.

Najua mtakachosema: doo haipo. Ni hoja ya kweli na siipuuzi. Matairi saba mapya ya basi ni pesa ambazo wengi wetu hatuzioni kwa mwezi, na mtumba unauzwa kwa bei inayovutia. Lakini mtu huyohuyo asiye na doo ya tairi amepata ya spika mbili na taa za rangi. Huo ni uchaguzi wa nini kitangulie. Kama pesa ni kidogo kweli, anza na mawili mapya ya mbele, kwa sababu likipasuka la mbele unapoteza usukani. Yafuate manne ya nyuma baada ya miezi kadhaa, na mpaka wakati huo safari ziwe fupi na mwendo uwe wa pole. Lala kwenye godoro la zamani mwaka mmoja. Hakuna aliyewahi kufa kwa sababu kabati ya basi haikupakwa vanishi.

Kuhusu tairi lililovishwa sole mpya, silichukii. Malori duniani kote huyatumia, na likifanywa na kiwanda kinachojua kazi linafaa nyuma. Mbele hapana. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinakataza mabasi kutumia matairi ya namna hiyo kwenye magurudumu ya mbele, na nadhani hilo linatosha kutufunza. Na lile la kuchongwa kwa kisu cha moto kando ya barabara ili lionekane lina meno, kimbia. Isipokuwa ubavuni limeandikwa REGROOVABLE, fundi anapochonga anapunguza mpira unaokinga nyaya, na unamlipa akuharibie.

Nyuma kuna mtego mwingine. Matairi pacha lazima yalingane kwa saizi, aina na kiwango cha kuchakaa. Moja likiwa fupi kidogo, lenzake ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo. Na lile la ndani ndilo linalosahaulika. Likipata pancha hutaona kwa nje, na lenzake litabeba mzigo wa mawili hadi lipate moto na kupasuka. Weka vali ndefu inayofikika ili uweze kulipima, na ukitoka barabara ya mawe angalia kama jiwe limenasa kati yao.

Ukishafunga, usiyasahau. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Kupiga teke si kipimo. Rudia kukaza nati baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza. Gari likikaa muda mrefu, funika matairi yasipigwe na jua, na lisogeze mara kwa mara lisisimame sehemu moja miezi mitatu. Spea nayo huzeeka hata kama haijawahi kugusa lami, kwa hivyo isome tarehe yake kama mengine.

Ningependa pia wakaguzi wa magari watazame tarehe ya tairi na sio meno pekee, na wauzaji waonyeshe mwaka wa kutengenezwa pamoja na bei. Ni maandishi ambayo tayari yapo, kazi ni kuinama tu na kuyasoma. Lakini mpaka hilo lifanyike, jukumu ni la mwenye gari.

Maana basi la tani kadhaa likipoteza tairi haliumizi wa ndani peke yao. Mbele yake kuna boda amembeba mama, kuna mtoto anayevuka kutoka shule, kuna mama mboga kando ya barabara. Hao hawakuchagua safari yako. Kabla ya wikendi hii, toka nje na tochi, inama karibu na kila tairi, andika namba ya DOT na namba ya mzigo kwenye simu. Ukikuta tairi la mbele lina miaka 10, ahirisha safari. Naivasha haiondoki.